Salamu za Mama Rashidi

Ukunda, Alhamisi, Julai 1998

Mvua ya manyunyu tangu alfajiri, ile ya kusi isiyokata shauri: hainyeshi ikaisha, wala haiachi nguo zikauke. Chai nimeimimina mara mbili na mara mbili nimeiacha nusu.

Wacha niandike kabla sijaanza kujidanganya kwamba mambo yalikuwa mepesi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kesi yetu ya maigizo mbele ya wazazi. Mimi na Wekesa, ninayesoma naye sheria mwaka wa tatu Nairobi, tumeimaliza likizo yetu kwenye shule moja ya kutwa karibu na Msambweni, tukiwafundisha kidato cha tatu namna kesi inavyoendeshwa: nani husimama wapi, nani huuliza kwanza, shahidi hujibu vipi, hakimu huandika nini. Wekesa ni mtu wa Bungoma. Kiswahili chake kimechanganyika na Sheng na Kiingereza kiasi kwamba wanafunzi walianza kumwiga kabla hajamaliza kujitambulisha. Yeye wanampenda. Mimi wananiogopa kidogo, na sioni ubaya.

Kesi tuliyowapa niliiandika mimi, bwenini, kabla chuo hakijafungwa. Ni ya bwana mmoja anayeshtakiwa kuiba nazi shambani kwa jirani usiku. Wanafunzi wenyewe walimpa jina la Bwana Ngedere. Shahidi wa kwanza wa mashtaka ni jirani, Bi. Macho Manne, anayeapa kwamba alimwona Bwana Ngedere kwa macho yake akishuka mnazi. Wakili wa utetezi anamhoji mpaka anakiri kwamba usiku ule haukuwa na mwezi, sura hakuiona, na majirani ndio waliomwambia aseme aliiona. Mashtaka yanaanguka, Bwana Ngedere anakwenda zake, watu wanapiga makofi. Ni mfano ambao kila mwanafunzi wa sheria hupewa kabla hajaujua hata mlango wa maktaba, wa shahidi aliyemtambua mtu gizani. Niliuandika bila kufikiri.

Sasa ninaufikiria.

Jumatatu ijayo Mama yangu atapanda kizimba cha mashahidi kwenye mahakama ya Kwale. Mwaka jana, usiku mmoja wa zile ghasia za kuwafukuza watu wa bara huku Pwani, kibanda chake cha ushonaji kilichomwa pamoja na cherehani na sare za shule alizokuwa hajazimaliza. Baba aliondoka wiki ileile kurudi Machakos, na hadi leo anasema atarejea hali ikitulia. Mama hakwenda. Amekaa Ukunda tangu mimi sijazaliwa, na alisema kama ni kufa, afie mahali anapoijua njia ya sokoni. Baadaye kijana mmoja anayeitwa Rashidi akakamatwa kwa kosa la kukichoma kile kibanda. Amekaa rumande Mombasa muda wote huu, kesi ikiahirishwa na kuahirishwa. Shahidi aliyesema alikuwapo karibu ni Mama. Hakuna mwingine.

Na Mama sura hakuiona.

Najua kwa sababu aliniambia mwenyewe, siku chache baada ya moto. Alikuwa amejificha nyuma ya choo cha jirani. Aliona watu, aliona moto, akasikia mtu akiita "Rashidi". Basi. Lakini tangu kesi ipangiwe siku, Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa wafanyabiashara wetu wa kutoka bara, amekuwa akija jioni na kuketi barazani kwetu, na kila akija ile hadithi inanona. Kwanza ilikuwa sauti. Ikawa kimo. Juma lililopita nilimsikia Mama akisema kwamba moto ulimmulika usoni.

Mzee Kilonzo si mtu mbaya. Cherehani anayoshonea Mama sasa, yeye ndiye aliyewachangisha watu ikanunuliwa. Duka lake mwenyewe liliporwa mpaka vibanio vya nguo. Anataka mtu mmoja tu alipe, apate kupumua.

Na mimi nakiri hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kunikatiza: mimi pia nataka. Nikipita pale palipokuwa na kibanda chetu moyo hunichemka, natafuta mtu wa kumchukia, na chuki hukaa vizuri zaidi ikiwa na jina la mtu.

Hayo peke yake ningeyabeba. Lakini hivi majuzi tuliwaambia wanafunzi kila mmoja aeleze kwa nini angependa kuijua sheria. Tulicheka sana. Mmoja alitaka kumshtaki mjomba wake aliyemla kuku wake akamwambia ameliwa na kicheche. Kisha akasimama Mwanamisi, msichana mrefu wa benchi la nyuma, ambaye tulikuwa tumeshampa sehemu ya Bi. Macho Manne kwa ajili ya sauti yake. Akasema kakake yuko rumande, jina lake Rashidi, anashtakiwa kuchoma kibanda cha fundi cherehani Ukunda, na mama yao kila akienda mahakamani anarudi bila kuelewa hata neno moja waliloambiana wale wakubwa. Angependa siku moja aende naye amweleze. Akakaa. Wekesa akamshukuru, akaita jina linalofuata.

Mimi niligeuka nikaanza kufuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu.

Sikumwambia Wekesa. Sikumwambia Mama. Nilifikiria kumwondoa Mwanamisi kwenye sehemu ile, nikaona nikimwondoa nitadaiwa sababu. Basi nikamwacha, na siku zote hizi nimemfundisha binti wa watu kusema uongo kizimbani kwa madaha, mkono kiunoni, huku nikiangalia kila mahali isipokuwa machoni mwake.

Kuhusu leo.

Wakati wa mazoezi mashahidi wetu walikuwa wakiapa kwa atlasi ya jiografia, na hakuna aliyelalamika. Jana nikapata wazo. Nikasema wazazi wanakuja, mkuu wa shule amealika wazee, haifai mtu kuapa kwa ramani ya Afrika. Nikachukua Biblia yangu kwa ajili ya shahidi Mkristo, na nikamtuma mwanafunzi mmoja akaazime Msahafu madrasa ya jirani kwa ajili ya Waislamu. Wekesa alisema "hiyo itaweka uzito". Bi. Riziki, mwalimu wa historia aliyetukaribisha shuleni, sikumwuliza. Sisi watu wa sheria kitabu cha kuapia tumekizoea kama tulivyozoea kiti cha hakimu, ni kimojawapo cha vyombo vya kazi. Nilifikiria meza, viti, joho la hakimu tuliloazima kwenye kwaya. Sikufikiria kwamba ninampa mtu Kitabu cha Mungu mkononi na papo hapo ninampa maneno ya uongo ya kusema.

Na mimi nimelelewa Ukunda! Wekesa ana udhuru wake. Mimi sina.

Hata dalili niliiona nikaipita. Yule mwanafunzi alikuja nao umefungwa kwenye kitambaa cheupe, ameukumbatia kifuani. Nilipomwambia auweke mezani kwa karani, aliitazama meza, akaipangusa kwa mkono wa shati, akanitazama mimi, akaipangusa tena. Nikamwambia aharakishe.

Madarasa mawili yalikuwa yamefunguliwa ukuta wa katikati yakawa ukumbi. Wazazi walijaa, kina mama upande mmoja wakinukia asumini na mvua, kina baba upande wa pili, mkuu wa shule mbele na suti yake ya wageni. Kesi ikaanza vizuri. Mwendesha mashtaka akasoma shtaka bila kugugumia. Bwana Ngedere akakana kwa sauti ya kuonewa, watu wakacheka. Karani akaita shahidi wa kwanza.

Mwanamisi aliingia na miwani isiyo na vioo, akitembea kama mama mwenye mambo ya watu mdomoni, na ukumbi mzima ukaangua kicheko kabla hajafungua kinywa. Nilianza kupumua. Karani akafungua kile kitambaa, akamsogezea Msahafu.

Alisimama. Akaitoa ile miwani. Nilidhani amesahau maneno, nikamnong'oneza kutoka pembeni, mkono wa kulia. Badala yake akaipeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Mheshimiwa," akamwambia hakimu, wala hakugeuka kunitazama mimi, "nikiushika Msahafu nitasema kweli. Na kweli haimo kwenye maneno niliyopewa."

Hakimu wetu, mwanafunzi anayetoka Tiwi, akamtazama Wekesa. Wekesa akanitazama mimi, akaniambia chini kwa chini si ni drama tu, mwambie aendelee. Mama mmoja akasema astaghfirullah, si kwa sauti kubwa, lakini katika kimya kile ilisikika mpaka dirishani. Mzee mmoja wa nyuma akauliza ni sheria gani hii inayowafunza watoto kuapa kwa Msahafu kisha waseme uongo. Wengine wakaitikia. Tabasamu la mkuu wa shule lilibaki usoni, halina tena kazi.

Nilijiona kwa macho yao. Msichana wa bara, jina la Kikamba, Msahafu wa kuazima, watoto wa Kiislamu wamepangwa mstari waapishwe uongo. Hata mwaka haujatimia tangu zile ghasia. Habari kama hii ingefika Ukunda kabla yangu, na ingefika imeota pembe. Nilitafuta mlango uko wapi. Siandiki hivi kwa kujichekesha. Nilipima kwa macho niko umbali gani na mlango, na nikaona kuna watu wengi kati yangu na huo mlango.

Aliyetuokoa ni Bi. Riziki. Alinyanyuka taratibu, akafunika viganja vyake kwa ncha ya leso, akauchukua Msahafu, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso, akaufunga kwenye kitambaa chake na kuupeleka ofisini. Akarudi, akasimama mbele. Akawaambia wazazi kwamba vijana hawa wamekuja kwa nia njema, wamekosea, na kuteleza si kuanguka. Akamgeukia hakimu, akamwambia mahakama yake iendelee bila kitabu, kwani mchezo ni mchezo na kiapo ni kiapo. Yule mzee wa nyuma akasema hapo sawa. Pumzi za watu zikarudi, na zangu mwisho kabisa.

Mwanamisi akavaa tena miwani yake. Bila kitabu mbele yake alisema uongo mtamu mno, akaeleza Bwana Ngedere alivyoshuka mnazi na nazi ngapi kwapani, mpaka mama aliyetaja astaghfirullah akafuta machozi ya kicheko.

Kisha wakili wa utetezi akasimama kumhoji.

Kwenye mazoezi sehemu hii Mwanamisi huikimbiza, maana inamfedhehesha Bi. Macho Manne na yeye hapendi kufedheheka. Leo aliisema polepole, kichwa kimeinama, mkono haukuwa kiunoni.

"Sura sikuiona. Majirani ndio walioniambia niseme niliiona."

Maneno hayo niliyaandika mimi. Nayajua hadi nukta zake. Lakini nilipoyasikia nilimwona Mama barazani na kikombe cha chai, na Mzee Kilonzo akitikisa kichwa kumsaidia kukumbuka. Katika safu ya tatu kulikuwa na mwanamke wa buibui, analia bila sauti, hafuti machozi, anayaacha tu. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Bwana Ngedere aliachiliwa. Makofi. Wazazi wakapewa soda, mkuu wa shule akatoa hotuba juu ya vijana na taifa. Mimi nilikuwa nakusanya vitu vyangu kwa haraka ya mwizi nilipoguswa bega. Mwanamisi, na mama yake.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono na hakuuachilia, kama wanavyofanya mama zetu wa huku wakiwa na neno. Akanishukuru kwa kumfundisha mwanawe. Akasema la Msahafu nisilitie moyoni, limepita. Kisha akauliza swali ambalo Pwani hulikwepi hata ukimbie.

"Wewe ni mwana wa nani, mwanangu?"

Ningeweza kusema mimi ni wa Ukunda tu. Ningeweza kumtaja Baba na Machakos, na lisingekuwa na maana kwake. Majibu yalinijia mengi na yote yalikuwa kweli ya nusunusu, ile ambayo mawakili hulipwa kwayo. Lakini Mwanamisi alikuwa amesimama pale pale, miwani ya mchezo mkononi, ananitazama.

Nikamwambia mimi ni mtoto wa Mama Mwikali, fundi cherehani wa Ukunda.

Mkono wake ulikakamaa ndani ya wangu. Nilingoja auvute. Nilingoja tusi, na kwa kweli nililitamani, kwa sababu tusi ningejua la kulifanya. Mwanamisi akainamisha macho sakafuni. Mama yake akanikaza mkono zaidi.

"Mamako namjua," akasema. "Ndiye aliyemshonea Rashidi kaptura yake ya kwanza ya shule. Sitakutuma neno lolote, nisije nikaambiwa namrai shahidi. Mpe salamu tu. Mwambie Mama Rashidi anakusalimu."

Akaniachia mkono, wakaenda zao kwenye manyunyu, wamejifunika leso moja.

Salamu ni amana. Hakuniambia hivyo, na hakuwa na haja, kwa sababu huku kila mtu anajua. Ukipewa salamu umebebeshwa mzigo wa mtu, na usipoufikisha utaulizwa, ikiwa si hapa basi huko mbele. Nilipokuwa mdogo nilisahau kumfikishia Mama salamu za jirani. Akanirudisha jua la adhuhuri nikamwombe jirani yule radhi. Mkamba mwenye msalaba shingoni, lakini kwa mambo ya salamu Mama ni Mdigo kamili, kama wenyeji wa huku.

Njiani kurudi nilimweleza Wekesa yote. Akasema, "Mwikali, wewe ni mtoto wa shahidi. Hiyo kesi usiiguse. Ukimwambia mathako kitu, hiyo ni kuharibu ushahidi, na wewe unajua."

Najua. Tulikaa dawati moja tulipofundishwa. Shahidi hafundishwi la kusema. Lakini Mzee Kilonzo anafundisha kila jioni, kwa chai na maandazi yetu, na hakuna anayemwita mwalimu. Kama nikinyamaza, je, sheria itakuwa imelindwa, au atakuwa amebaki mwalimu mmoja tu?

Niliporudi nyumbani alikuwapo. Ameketi barazani, mwavuli kati ya magoti. Mama alikuwa ameivuta cherehani ndani kidogo isilowe, anashona kola. Mzee Kilonzo alinifurahia, akaniita wakili wetu, akasema Jumatatu wamekodi gari, watakwenda wote, watajaza benchi zima nyuma ya Mama asije akajiona yuko peke yake. Akaniomba nimwambie Mama asiogope, kwamba pale ni kusema tu na kushuka. Nikamjibu kwamba kule hakimu huuliza na yeye. Akasema ndiyo maana tunajiandaa. Mama hakuinua uso kwenye kola.

Nilikaa jikoni nikijifanya napanga vyombo mpaka nikamsikia akiaga.

Mimi na Mama nyumbani huongea Kikamba. Lakini salamu zilikuja kwa Kiswahili, nikazitoa kwa Kiswahili, na sauti yangu ilitoka kama ya mtoto anayesoma shairi la shule.

"Mama, Mama Rashidi anakusalimu."

Mguu wake ukasimama kwenye kanyagio. Nadhani alidhani amesikia vibaya, kwa sababu aliniuliza nani. Nikarudia. Akauliza nimemwona wapi, nikamweleza: shule, Mwanamisi, Msahafu, wakili wa utetezi, maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe. Sikuongeza ushauri. Nauandika ukweli huu kwa ajili yangu, maana huenda nikaja kuutilia shaka: sikumwambia aseme hivi wala vile.

Akauliza kama mama yule alinitukana. Nikasema hakunitukana. Akauliza amekonda? Nikasema sikuwa namjua zamani, lakini ndiyo, amekonda. Nikamweleza habari ya kaptura.

Mama alikata uzi wa kola. Kisha akasema, kama desturi inavyotaka, "Zimefika."

Nilidhani imekwisha. Akainuka, akafunga mlango wa barazani, jambo ambalo hafanyi kabla watu hawajalala, na akanigeukia kwa hasira ambayo sijui ilikuwa ya nani.

"Kwa nini hakukutukana?" akasema. "Angekutukana ingekuwa rahisi."

Akavuta kiti cha cherehani akakigeuza kikanielekea, akaketi, mikono mapajani, mgongo umenyooka. Akaniambia nimwulize. Nikamwuliza nimwulize nini. Akasema kama wanavyouliza kule, si tunafundisha watoto wa watu, na yeye kwani ni nani hata asiulizwe.

Maneno ya Wekesa yalinijia yote, na sauti ya mhadhiri wetu nyuma yake. Nikajiambia sitampa jibu hata moja, nitauliza tu. Labda huko nako ni kumfundisha shahidi, kwa jina la adabu. Sijui. Nilibaki nimesimama kwa sababu anayehoji husimama. Nikamwuliza, usiku ule, alimwona nani.

"Moto ulimmulika—" akaanza, akakoma.

Akaanza tena kwa kimo. Akakoma. Akaanza kwa sauti iliyoita lile jina, hapo akaenda vizuri, kisha akafika mahali sauti inapotakiwa iwe na uso, akakwama. Nilimwona akiutafuta. Anautafuta kwa dhati, kama mtu anayepekua mfuko wake akijua kabisa alikitia kitu humo.

"Ningemwona ningelala, Mwikali," akaniambia, sasa kwa Kikamba. "Unajua tangu siku ile sijalala? Nataka niwe nilimwona. Nataka mpaka usiku namwona."

Nilitaka kumkumbatia tukaishia hapo. Lakini kule hawakumbatii mtu, wanauliza tena. Nikamwuliza tena: alimwona?

"Niliona moto," akasema.

Alilisema na mabega yakamshuka, akalia, na mimi nikalia, mtu na mlango wake uliofungwa na mtu na sheria yake. Sikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu najua siku moja nitapenda kuisimulia jioni hii kana kwamba nilikuwa na furaha. Kilichonijia kwanza ni kibanda chetu, kwamba basi hakuna atakayekilipa. Rashidi alinijia wa pili. Na huenda alikuwapo! Huenda aliushika ule moto kwa mkono wake mwenyewe. Mama hajui, mimi sijui, na hilo la kutojua ndilo Mama atakalokwenda kulisema mbele ya watu, kama atalisema.

Baadaye alinawa uso, akarudi kwenye kola. Aliniuliza jambo moja tu: Mzee Kilonzo na wenzake watakuwa wamekaa wapi. Nikamwambia nyuma yake. Akasema afadhali, basi atamtazama hakimu. Kisha akaniambia Jumatatu nikimwona Mama Rashidi kabla yake, nimwambie na yeye anamsalimu.

Sasa nina salamu nyingine, na nyumba imenyamaza, cherehani tu inasikika.

Nimewahi kuingia ukumbi ule wa Kwale mara moja, kesi ilipotajwa, nikasimama nyuma kabisa nikiona migongo tu. Mabenchi ni ya pande mbili, na njia katikati. Hakuna aliyepanga, lakini watu wetu hukaa upande wa dirisha, na ndugu za Rashidi upande wa mlango, na siku ile sikuona mtu akivuka ile njia. Kufikisha salamu lazima nivuke. Mzee Kilonzo ataona, wote wataona, kabla Mama hajapanda kizimbani. Na nikishavuka, nikishamshika mkono yule mama mbele ya watu waliotununulia cherehani, nitarudi kukaa upande gani?